Kumfikia mwenye nyumba mwenyewe: mwongozo kwa anayenunua nyumba za zamani Dar es Salaam

Ukipita Mwananyamala, Tandika au Mbagala utaziona nyumba zilizoandikwa ukutani kwa rangi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Nyingine wameongeza: OGOPA MATAPELI. Aliyeandika hivyo mara nyingi amewahi kukuta watu asiowajua wamejaa kibarazani kwake, kila mmoja na risiti ya pesa aliyompa "mwenye nyumba" jana yake. Au ni mtoto wa marehemu anayemhofia ndugu yake wa tumbo moja asije akaiuza nyumba ya baba kimyakimya.

Mimi nanunua nyumba chakavu, nazikarabati, kisha naziuza au nazipangisha. Ukuta ule ndio uliokuwa mwalimu wangu wa kwanza, maana mtu unayetaka kumfikia ameshaonywa juu yako kabla hujapiga hodi.

Wengi wanaoanza kazi hii huja na mbinu za Marekani walizoziona kwenye video. Kule kumbukumbu za umiliki zipo wazi kwenye ofisi za kaunti. Mwekezaji ananunua orodha ya majina na anwani, anachapisha barua elfu tatu, na posta inazifikisha kila mlango. Huku barua huishia kwenye S.L.P., na nusu ya nyumba unazozitaka jina lililo kwenye karatasi ni la mtu aliyefariki zamani. Nilijaribu hata hivyo. Mwaka wangu wa kwanza nilichapisha vikaratasi 300: NANUNUA NYUMBA, PESA TASLIMU, HARAKA, na namba ya simu chini. Nikampa kijana wa bodaboda avibandike kwenye nguzo za umeme kuanzia Magomeni hadi Kigogo. Simu zilizoingia zilikuwa za madalali watupu. Nilipokwenda kuangalia nguzo moja nikakuta karatasi yangu imekaa katikati ya tangazo la mganga wa kurudisha mpenzi na lile la kujiunga Freemason. Nikajiuliza: mama mwenye nyumba akipita hapa, mimi atanihesabu wapi?

Hizi hapa hatua ninazozifuata sasa. Ni za polepole, na zinakula soli za viatu.

Hatua ya 1: Chagua mtaa mmoja, uutembee

Mtaa mmoja, au miwili ikizidi sana, ambayo unaweza kuimaliza kwa miguu asubuhi moja. Tafuta zile nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na jiko uani. Nyingi zilijengwa na babu, sasa ni za wajukuu, vyumba vimepangishwa kimoja kimoja, na hakuna anayeona kuwa kununua bati jipya ni zamu yake. Angalia paa lililofunikwa turubai msimu baada ya msimu, kufuli lenye vumbi getini, ukuta wa uani ulioanguka na kuzibwa kwa mabati ya zamani. Uchakavu peke yake hauuzi nyumba, lakini unakuonyesha pa kuulizia.

Andika namba iliyo kwenye kibao cha anwani za makazi. Tangu zoezi la mwaka 2022 mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba, na hilo limeturahisishia sana. Zamani ungeandika "nyumba ya tatu baada ya duka la Mpemba".

Kabla hujaipenda nyumba, hakikisha haipo kwenye hifadhi ya barabara wala bondeni. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda nje ya mji, zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara. Ukiona alama ya X nyekundu ukutani, hata kama imepakwa chokaa juu, nenda kaulize kwanza.

Hatua ya 2: Anzia kwa mjumbe

Usigonge mlango wa mtu kabla hujajitambulisha kwa mjumbe wa shina na ofisi ya serikali ya mtaa. Beba nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, barua fupi inayoeleza unafanya nini, na picha mbili tatu za nyumba ulizokwisha kukarabati, kabla na baada. Waambie wazi: natafuta nyumba za kununua, nitaacha barua kwenye nyumba kadhaa, wakija kuuliza habari zangu naomba muwaambie mliniona.

Usimwahidi mjumbe fungu lolote nyumba ikipatikana. Siku utakayomwahidi, amegeuka dalali wako, na maneno yake hayana uzito tena kwa jirani zake. Unachohitaji kwake ni aweze kusema "ndiyo, huyo mtu alikuja hapa, namjua anapokaa" bila kumung'unya.

Na madalali je? Usigombane nao. Dalali akikuletea nyumba, mlipe udalali wake na usimruke. Mitaa hii ina masikio, na ukimruka mmoja leo, kesho watano watakuwa wamemwambia mwenye nyumba wewe ni tapeli. Tofauti yako na baadhi yao iwe moja tu: wewe huweki cha juu. Bei unayomtajia mwenye nyumba ndiyo pesa itakayotoka mfukoni mwako.

Hatua ya 3: Mpate mwenyewe

Wapangaji wanajua kodi wanamlipa nani, lakini anayepokea kodi si lazima awe mwenye nyumba. Anaweza kuwa mpwa aliyeachiwa usimamizi. Anayelipa umeme pia si ushahidi: kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, hivyo mpangaji anayenunua tokeni ndiye anayeilipa bila kujijua. Uliza majirani wazee, wale waliokuwepo nyumba inajengwa. Swali zuri ni "nyumba hii aliijenga nani?" Ukiuliza "nani anauza?" watakujibu haiuzwi, na hapo umeshajifungia mlango.

Wenye nyumba wengine hawapo nchini. Familia nyingi za Ilala na Kariakoo zina watu Muscat, wengine Uingereza. Hapo barua anaachiwa ndugu aliyepo, na mazungumzo yanahamia WhatsApp. Kubali kupigwa simu ya video ukiwa umesimama mbele ya nyumba yenyewe. Baadaye, anayesaini kwa niaba ya aliye nje lazima awe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. "Kaka ameniambia" haimtoshi wakili.

Namba za simu za watu zichukue kwa adabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Kwa hiyo usinunue orodha za namba kutoka kwa yeyote, na mtu akikuambia usinipigie tena, iandike kwenye daftari lako kwa wino mwekundu na usimpigie tena.

Hatua ya 4: Andika barua

Hapa ndipo kazi ilipo. Barua yangu ni ukurasa mmoja, inapelekwa kwa mkono, na kila moja ina kitu kimoja ambacho kipo kwenye nyumba hiyo tu. Hii hapa ilivyo:

"Kwa mwenye nyumba namba 14, Mtaa wa (jina).

Salaam. Naitwa (majina yangu matatu). Nakaa (mtaa), na kazi yangu ni kununua nyumba za zamani, kuzikarabati na kuziuza. Si dalali na sijatumwa na mtu.

Nimepita mbele ya nyumba yako mara kadhaa, nimeuona mwembe wa uani unavyolifunika baraza la nyuma. Sijui kama una nia ya kuuza. Kama huna, niwie radhi kwa usumbufu, barua hii haihitaji jibu.

Ikitokea siku wewe na familia mkafikiria kuuza, nitafurahi kuja kuwasalimu na kuwasikiliza. Mjue mapema kwamba ninanunua kwa bei ya chini kuliko nyumba iliyokarabatiwa, maana gharama za ukarabati zinakuwa juu yangu. Siku ya kwanza sitaomba hati wala nakala yake, na sitatoa pesa yoyote.

Nimejitambulisha kwa mjumbe wenu na ofisi ya serikali ya mtaa. Nyumba niliyoikarabati mwisho ipo (mahali), karibuni mwione.

Simu yangu ni (namba). Imesajiliwa kwa jina hilo la juu."

Huo mstari wa mwisho una kazi yake. Mtu wa Dar akitaka kujua namba ni ya nani, anajifanya anaitumia shilingi elfu moja, jina likitokea kwenye simu anasitisha. Jina lile likilingana na la kwenye barua, umeshavuka kizingiti kimoja. Likitokea jina la shemeji yako, umekwisha.

Mstari wa bei ya chini pia wengi hunishauri niufute. Siufuti. Unapunguza simu, ni kweli, lakini wanaopiga wameshaisoma habari mbaya wakiwa wamekaa kwao, na tunapokutana hakuna anayehisi kategwa.

Usiandike uongo mdogo mdogo. "Nina mteja tayari", "mke wangu ameipenda sana nyumba yako", "ofa hii inaisha Ijumaa". Usichapishe barua kwa herufi zinazoigiza mwandiko wa mkono ili ionekane uliiandika usiku kwa taa. Kama umechapa, umechapa. Weka sahihi kwa kalamu, basi. Mimi napeleka barua kumi kwa wiki, kwa sababu siwezi kuzijua vizuri nyumba zaidi ya kumi.

Hatua ya 5: Ukiitwa, nenda kusikiliza

Mama mmoja wa Magomeni alinipigia wiki tatu baada ya barua. Nilimkuta kibarazani kwenye mkeka, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, mama. Mimi ndiye niliyeleta barua."

"Mjumbe kasema unakaa Kigogo."

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kutoa mawe. Nami nikakaa. Kila punje nyeusi aliitupa uani, kuku wakaikimbilia. Baada ya muda akasema, "Humu wamezaliwa watoto wangu saba." Akanihadithia mmoja mmoja. Bei sikuitaja, naye hakuiuliza. Mwisho akanyanyuka kunionyesha paa la choo lilipobonyea. Nilipoaga akaniambia, "Ukija tena njoo Jumapili, mwanangu, kaka yao mkubwa anakuwepo."

Hiyo Jumapili ndiyo uliyoifuata. Nyumba ya familia haiuzwi na mtu mmoja, hata kama karatasi ina jina moja, na mtu anayekubali kuuza siku hiyo hiyo mkiwa wawili tu anapaswa kukutia wasiwasi.

Kuna nyakati za kukaa mbali. Nyumba ikiwa na msiba, barua yako isionekane pale kabla ya arobaini. Kwa Waislamu mjane yupo kwenye eda miezi minne na siku kumi, muache aimalize. Wapo wanunuzi wanaofuatilia misiba kwa makusudi, na mitaa inawajua kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Hatua ya 6: Weka hesabu mezani

Wakikubali kuzungumza bei, toa karatasi na kalamu, ufanye hesabu mbele yao. Tuseme nyumba ikishakarabatiwa itauzika kwa milioni 120. Ukarabati milioni 32. Wakili, ushuru na kodi zako mwenyewe, milioni 8. Udalali wa kuja kuiuza, milioni 6. Faida yangu milioni 14. Kinachobaki ni milioni 60, na hiyo ndiyo ofa yangu.

Ndiyo, andika faida yako. Mara ya kwanza nilitetemeka kuiandika. Mzee wa familia akaichora mstari kwa kidole na kusema, "Kumbe na wewe unakula." Tukacheka, na mabishano yote yaliyofuata yakawa juu ya gharama za ukarabati, jambo ambalo fundi wao anaweza kuja kulipima. Ofa ikapanda kidogo, maana fundi wao alikuwa sahihi kuhusu milango.

Waambie pia: kama mna nafasi ya kungoja miezi sita au mwaka, kaitangazeni, huenda mkapata zaidi ya hii. Washauri wamtafute mthamini aliyesajiliwa awape thamani yake. Familia isiyo na haraka haikuhitaji, na haina maana kuilazimisha. Anayekuhitaji ni yule aliyechoshwa na warithi wasioelewana kuhusu kodi, au mwenye mgonjwa, au aliyehamia Dodoma na hana wa kumwangalizia.

Ongeeni kodi kabla ya kuandikiana. Kisheria kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Kwa mkazi wa Tanzania kiwango cha kawaida ni asilimia 10 ya faida, na asiye na vielelezo vya gharama zake hukokotolewa kwa njia nyingine, kwa hiyo pateni makadirio TRA mapema. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wa mnunuzi. Mkataba unaosema tu "bei ni milioni 60" bila kusema nani analipa nini utawagombanisha siku ya uhamisho.

Hatua ya 7: Kabla ya kishika uchumba

Muuzaji akihitaji pesa sana atakuomba kishika uchumba, yaani pesa ya awali ya kumshikia nyumba, siku hiyo hiyo. Mkatalie kwa upole, kisha uharakishe haya.

Upekuzi kwa Msajili wa Hati, kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, uone kama hati ina rehani ya benki au zuio la mtu. Kama nyumba haina hati, ina leseni ya makazi au mikataba ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, fuatilia mnyororo wote kutoka kwa aliyejenga hadi kwa aliyekaa mbele yako.

Mirathi. Mwenye jina akiwa amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kumpendekeza tu. Hata msimamizi akiwa na barua yake, mimi sinunui mpaka warithi wote wamesaini, na warithi wakiwamo watoto wadogo namwachia wakili aseme.

Ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa iwe ya maandishi, na aliyeitoa umwone kwa macho. Anayesema hana mwenza, aape mbele ya wakili.

Malipo yapite benki, kwa akaunti yenye jina la muuzaji au la mirathi. Muuzaji awe na wakili wake, hata kama itabidi umlipie. Lakini amchague yeye. (Haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.)

Kwenye mkataba andikeni pia wapangaji wataarifiwa lini na nani anawarudishia kodi waliyolipa mbele. Mpangaji aliyelipa miezi sita kwa mwenye nyumba wa zamani asisikie habari za kuuzwa kwa nyumba kutoka kwa fundi anayeng'oa bati.

Hatua ya 8: Daftari

Kila nyumba ina ukurasa wake: tarehe ya barua, nani alipokea, alisema nini, nirudi lini. Aliyesema "sio sasa" nampitia baada ya miezi minne au mitano, kwa salamu tu, na nikikuta watu wanakula nakaribia. Aliyesema hapana nimemaliza naye.

Miaka miwili na zaidi baada ya ile barua ya nyumba namba 14, simu iliita usiku. Mzee wa sauti nzito, hakujitambulisha.

"Wewe ndiye yule wa mwembe?"

Nilikwenda kesho yake na nikamkuta na wanawe watatu. Barua alikuwa ameihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na stakabadhi za pango la ardhi, imeliwa na mende pembeni. Mwembe wenyewe ulishakatwa.